Pleti tupu, poda ya kuchomwa, ya kupulizwa au ya umeme: tabaka gani la vitundu linafaa kwenye evaporeta yako ya pleti?

Wadau wa chila (mashine za kupoza maji), pampu za joto na mitambo yote yenye evaporeta ya pleti, yani pleti nyembamba za metali zilizopangwa pamoja, maji upande mmoja na gesi ya kupoozea ikichemka upande wa pili (nitaiita gesi hata ikiwa bado kioevu), swali hili linarudi kila mara: nibaki na pleti za kawaida au niweke tabaka la metali lenye vitundu upande wa gesi, na kama naweka, niweke lipi? Wauzaji wanakuja na maneno ya "mara 10", watafiti nao wana grafu zao nzuri, halafu mwenye mtambo anabaki anakuna kichwa. Nayapanga hapa moja kando ya jingine, ila naomba tuanze na kitundu chenyewe, maana ukishaelewa kinachotokea ndani ya kitundu, nusu ya uamuzi umeshaisha.

Ndani ya kitundu

Kioevu hakichemki tu popote eti kwa sababu kimefika nyuzi zake za kuchemka. Povu linataka pa kuanzia, na hapo pa kuanzia ni kashimo kwenye uso wa metali ambamo kamebaki kamvuke kadogo. Kale kamvuke kanabanwa na mvutano wa uso wa kioevu, kashimo kakizidi kuwa kadogo kanabanwa zaidi, kwa hiyo ukuta inabidi uwe na joto zaidi ya kioevu ndo povu litoke. Chukua R134a, mojawapo ya gesi za kupoozea, inayochemka kwenye nyuzi 5 za sentigredi, piga hesabu: kashimo kenye nusu kipenyo cha mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kanadai ukuta uwe juu kwa nyuzi kama 15, ka mikroni 1 kanadai kama 1.8, ka mikroni 5 hakafiki hata nusu nyuzi. Sasa evaporeta ya pleti inafanya kazi na tofauti ya nyuzi chache tu kati ya maji na gesi, na hizo chache zenyewe zinagawanywa kati ya upande wa maji, ukuta na upande wa gesi, wakati pleti ya stenlesi iliyotoka kwenye presi ni laini na vishimo vyake vingi ni vidogo mno, kwa hiyo vimelala tu, havitoi kitu.

Na kuna jambo la pili linalofanya gesi hizi ziwe ngumu zaidi ya maji: zinalowanisha metali sana. Kioevu kinateleza mpaka ndani ya kashimo kinafukuza mvuke wote, kashimo kanakufa, na ndo maana mtambo ukiwashwa baada ya kupumzika unaweza kuona ukuta unapanda joto kwanza kupita kawaida kabla mapovu hayajaanza. Tabaka lenye vitundu vinavyounganishwa chini kwa chini linatibu hilo: povu likiondoka mvuke mwingine unabaki ndani, kioevu kipya kinavutwa kuingia kupitia vitundu vya jirani, na kile kioevu chembamba kinachotanda kwenye kuta za ndani kinageuka mvuke haraka sana kwa sababu eneo la kuta hizo ni kubwa kuliko uso wa pleti unaouona kwa macho. Hiyo "vinavyounganishwa" ishike vizuri, tutaihitaji kwenye kulinganisha.

Kabla ya kuchagua tabaka, geuza pleti uangalie upande wa pili

Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela, so nitakaa kidogo. Joto linapita vizuizi vitatu likifuatana: maji kwenda ukutani, ukuta wenyewe, ukuta kwenda kwenye gesi. Tuseme upande wa maji unapitisha wati 5,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi, upande wa gesi 2,000, na pleti ni stenlesi ya milimita 0.4. Ukijumlisha vizuizi vyote unapata jumla ya karibu 1,380. Weka tabaka linalozidisha upande wa gesi mara 5, jumla inafika kama 3,060, yani zaidi ya mara mbili, hapo kweli kuna kitu. Sasa muuzaji wa pili anakuja na tabaka lake la mara 10: jumla inakuwa kama 3,600. Umeona? Kutoka mara 5 kwenda mara 10 umeongeza asilimia 18 tu.

Halafu chukua mtambo ambao upande wa maji ni dhaifu, tuseme 1,000 tu kwa sababu ni glaikoli nzito au maji yanatembea polepole. Tabaka lile lile la mara 10 linakupandisha kutoka kama 655 hadi 930 hivi. Ni faida, ila mwenye mtambo kama huo mi ningemwambia aanze na upande wa maji, abadilishe pleti zenye mikunjo mikali zaidi au aongeze mwendo, kabla hajagusa tabaka lolote. Kwa hiyo ukisikia "mara 10" uliza kwanza ni mara 10 ya nini. Ya upande mmoja au ya pleti nzima?

Mfano wa kuaminika wa hii upo. Watafiti wa KTH, chuo kikuu cha teknolojia kule Stockholm, akina Furberg na Palm, mwaka 2009 walitoa majaribio ya evaporeta ya pleti ya kawaida ikiwa na tabaka la kopa lenye vitundu vidogo sana na ikiwa bila, gesi R134a, mzigo wa joto kuanzia kilowati 4.5 hadi 17 kwa mita ya mraba. Upande wa gesi ulipanda mpaka mara 10, na jumla ya pleti nzima ilipanda zaidi ya asilimia 100. Namba zote mbili ni za kweli na zinaendana kabisa na hesabu ya hapo juu, tatizo linakuja mtu akikuonyesha moja na kuificha nyingine.

Na faida hiyo unaichukua vipi? Una njia mbili: upunguze idadi ya pleti kwa kazi ile ile, au ubaki na pleti zako na uache joto la kuchemkia lipande. Mi napenda ya pili. Kila nyuzi moja unayopandisha joto la evaporeta, mtambo unapata ufanisi wa takriban asilimia 2 hadi 3 zaidi, na hiyo unaila kila saa mtambo unapotembea.

Sasa moja kando ya jingine

*Pleti tupu na pleti ya kupigwa mchanga.* Pleti tupu ndo kipimo chetu, na isidharauliwe: mikunjo yake tayari inavuruga kioevu vya kutosha, na mwendo wa gesi ukiwa mkubwa hiyo mikunjo inafanya kazi nyingi kuliko mapovu. Kupiga mchanga ili uso uwe mkwaruzo ni rahisi na kila karakana inaweza, lakini mikwaruzo hiyo iko wazi juu, kioevu kinaingia kinafukuza mvuke, na baada ya muda faida inayeyuka. Hili linajulikana tangu 1931, Jakob na Fritz wa Ujerumani walishaliona. Sipendekezi, nasonga mbele.

*Poda ya kuchomwa kwenye tanuru.* Hii ndo mkongwe wa kazi. Unachukua poda ya metali, chembe za makumi ya mikroni, unaishikisha kwenye uso kwa gundi inayoungua, unaingiza kwenye tanuru lisilo na oksijeni mpaka karibu na joto la kuyeyuka, chembe zinashikana shingoni bila kuyeyuka zote, na nafasi zinazobaki katikati ya chembe ndo vitundu vyako. Mwaka 1968 Robert Milton wa Union Carbide alipata hataza ya uso wa aina hii, ukaja kujulikana kwa jina la High Flux, na mirija yake imetumika miaka na miaka kwenye viwanda vya gesi na petrokemikali. Hiyo historia ni kitu kikubwa, maana unajua tabaka linakaa, halibanduki.

Uzuri wake: vitundu vimeunganishwa, chembe zimeshikana metali kwa metali na ukuta kwa hiyo joto linapanda bila kikwazo, na unaweza kuchagua ukubwa wa kitundu kwa kuchagua ukubwa wa chembe. Unene pia una kanuni yake, kama mara 3 hadi 4 ya kipenyo cha chembe ndo watu wengi wanapoangukia, ukizidisha mvuke unakwama ndani na kioevu kinashindwa kuingia, so tabaka nene sio tabaka bora. Ubaya: tanuru ni ghali, pleti kubwa nyembamba ikipashwa hivyo inaweza kupinda, na lazima pleti iwe imeshakunjwa kwenye presi kabla ya kupaka, maana ukipaka halafu ukakunja tabaka linapasuka kwenye kila kona.

*Poda ya kupulizwa kwa moto.* Waya au poda ya alumini, kopa au nikeli inayeyushwa kwa mwali au kwa cheche za umeme na kurushwa kwenye pleti, matone yanatua yanabonyea yanaganda. Haraka, eneo kubwa, pleti haipati joto kali kwa hiyo haipindi. Lakini ukiikata na kuiangalia kwenye hadubini unaona matone yamelaliana kama vigae, nafasi ni chache, mara nyingi asilimia 5 hadi 15 tu ya ujazo, na nyingi zimefungwa kila moja peke yake. Kumbuka lile neno, "vinavyounganishwa". Kitundu kisichopata kioevu kutoka kwa jirani kinatoa mvuke wake wa kwanza kisha kinakauka, hakina kazi tena. Zaidi ya hapo tabaka limeshika pleti kwa kung'ang'ania mikwaruzo tu, na mtambo unaopanda na kushuka joto kila siku utalijaribu. Kwangu hii ni chaguo la pili, nzuri pale pleti ni kubwa mno kuingia tanuruni au ni za metali isiyotaka moto, na fundi awe ameirekebisha makusudi kupata vitundu vingi, sio mipangilio yake ya kila siku ya kuzuia kutu.

*Kopa ya kupandishwa kwa umeme.* Hii ndo ya wale wa KTH. Unazamisha pleti kwenye mchanganyiko wa salfeti ya kopa na asidi, unapitisha umeme mkali, kopa inaganda kwenye pleti wakati huo huo haidrojeni inatoka kwa mapovu, na mapovu yale yanaacha njia zake ndani ya kopa inayokua. Unapata uso wenye mashimo ya kusimama yaliyo wazi toka juu mpaka chini na kuta zake zimejaa vimatawi vidogo vya kopa. Kwa kuchemsha gesi ni uso mzuri kuliko zote nilizotaja hapa: mvuke una njia yake ya kutokea na kioevu kina njia yake ya kuingilia. Na inafanyika kwenye beseni la kawaida, bila tanuru la joto kali.

Kasoro ni nguvu. Vile vimatawi vikitoka tu kwenye beseni unaweza kuvifuta kwa kidole, lazima pleti ipashwe joto baadae kwenye hewa isiyo na oksijeni ili vishikane. Mtu akikuuzia tabaka hili muulize moja kwa moja kama limepashwa, na kama hajui unaongelea nini, ondoka. Chembe zikibanduka zinatembea na gesi mpaka kwenye chujio, kwenye valvu na mwisho kwenye kompresa.

*Sponji ya metali na wavu.* Hapa vitundu ni vikubwa, vya milimita au robo milimita, na vinajaza nafasi yote kati ya pleti. Havifanyi kazi ile ya kuzalisha povu kwenye nyuzi chache, vinachofanya ni kuongeza eneo na kusambaza kioevu. Lazima viunganishwe na pleti kwa brezi (kuunga kwa metali nyingine iliyoyeyushwa), ukivibana tu kwa kukaza boliti joto linakwama kwenye maungio. Na gesi inapata shida kupita, presha inashuka, na presha ikishuka joto la kuchemkia linashuka nayo, yani unapoteza kilekile ulichokuwa unakitafuta. Kwenye evaporeta za pleti zenye njia nyembamba mi naona haifai, labda wavu mwembamba mmoja uliounganishwa vizuri.

Pleti zako zimeungwa vipi? Hapa ndo panaamua

Ningekuwa na swali moja tu la kuuliza ningeuliza hili. Evaporeta nyingi ndogo na za kati ni za kubrezi: pleti za stenlesi zinapangwa na karatasi nyembamba za kopa katikati, rundo zima linaingia tanuruni kwenye nyuzi kama 1,100 na kidogo, kopa inayeyuka inakimbilia kwenye pointi ambako migongo ya pleti inagusana, inapoa, kazi imeisha. Kopa inayeyuka kwenye nyuzi 1,085. Sasa fikiria umeshaweka tabaka lako zuri la kopa ya umeme kwenye pleti hizo. Likiingia tanuruni linayeyuka na karatasi zile, linatoka likiwa kidimbwi laini, hamna kitundu hata kimoja.

Basi unasema weka poda ya nikeli au ya stenlesi, hizo hazifiki kuyeyuka kwenye joto hilo. Sawa, ila tazama karibu kinachotokea pale pointi mbili zinapogusana: kopa iliyoyeyuka inapenda nafasi ndogo, na tabaka lako limejaa nafasi ndogo. Inanyonywa kuingia kwenye vitundu. Unapata hasara mbili kwa mpigo, vitundu vimezibwa na maungio yamebaki na kopa pungufu, na maungio hayo ndo yanayoshikilia presha yote ya mtambo. Kwa hiyo pleti za kubrezi zinataka tabaka lipakwe kwenye mabonde tu na migongo iachwe safi, na kiwanda kiwe kimeijaribu presha na kuonyesha matokeo. Hii ni kazi ya mtengenezaji wa evaporeta, karakana ya nje haiwezi.

Pleti za gasketi (zinazobanwa pamoja na mpira wa kuziba katikati) au zile zinazochomelewa mbili mbili ni rahisi zaidi, zinapakwa moja moja, unakagua kila pleti, unaacha njia ya gasketi na ya kuchomelea bila tabaka, unafunga. Hapo kopa ya umeme inaruhusiwa, poda ya kuchomwa inaruhusiwa, hata ya kupulizwa.

Kioevu gani, na kisafi kiasi gani

Amonia: sahau kopa kabisa. Amonia ikiwa na unyevu kidogo inaila kopa, hata brezi ya kopa haitakiwi, unahitaji brezi ya nikeli au pleti za kuchomelea. Tabaka liwe la stenlesi, nikeli au alumini kulingana na pleti yenyewe. Ukubwa wa kitundu haubadiliki sana, kashimo ka mikroni 1 kanadai nyuzi kama 2.8 kwenye joto la nyuzi 5. Ujue tu stenlesi inapitisha joto vibaya, kama wati 15 kwa mita kwa kila nyuzi ukilinganisha na kopa iliyo karibu na 400, kwa hiyo tabaka la stenlesi liwe jembamba.

Maji: hapo hesabu inageuka. Yakichemka kwenye nyuzi 100 kashimo ka mikroni 10 kanadai nyuzi 3 na kidogo. Yakichemka chini ya vakyumu kwenye nyuzi 50, kashimo kale kale kanadai nyuzi kama 16, kwa sababu mvuke ni mwepesi mno. Yani tabaka safi kabisa la R134a ukiliweka kwenye evaporeta ya maji ya vakyumu halikusaidii chochote kwenye mapovu. Na kama ni maziwa, juisi au maji yenye chokaa, nakusihi usiweke vitundu upande huo. Uchafu unaingia, hakuna brashi inayofika, dawa za kuoshea hazimalizi, na kwenye chakula hiyo ni hatari ya afya za watu. Vitundu vikae upande wa gesi safi peke yake.

Gesi nayo huwa haiji peke yake, inakuja na oili ya kompresa. Gesi inageuka mvuke inaondoka, oili inabaki kwenye vitundu, na kidogo kidogo kioevu kilichomo ndani kinakuwa kizito na faida inashuka. Majaribio mengi ya maabara ni ya gesi bila oili. Kama kompresa yako inatupa oili nyingi, kitenganishi kizuri cha oili kije kabla ya tabaka, au dai matokeo yenye oili ya aina yako.

Ningechagua hivi

Pampu ya joto au chila ya gesi ya kawaida, pleti za kubrezi, mzigo mdogo wa kilowati 5 hadi 15 kwa mita ya mraba, upande wa maji uko vizuri: chukua evaporeta iliyotoka kiwandani ikiwa na tabaka tayari kwenye mabonde, na kama haipatikani chukua pleti tupu uongeze idadi. Pleti za gasketi na gesi isiyo amonia: kopa ya umeme iliyopashwa ukitaka utendaji wa juu, poda ya kopa ya kuchomwa ukitaka mtambo utembee miaka mingi bila kufunguliwa. Mi mwenyewe ningeenda na ya kuchomwa, maana kama tulivyoona mara 5 na mara 10 zinakaribiana sana kwenye jumla, ila kubanduka na kutobanduka havikaribiani kabisa.

Amonia na tofauti ndogo ya joto, kama ile mitambo ya kuzalisha umeme kwa joto la bahari ambayo maji ya juu na ya kina yanatofautiana nyuzi kama 20 tu: hapa tabaka linalipa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kila nyuzi inayoliwa na ukuta inatoka kwenye hizo 20. Tafuta pleti za kuchomelea zenye poda ya metali inayoendana na amonia, na upande wa maji ya bahari uachwe laini.

Mwendo wa gesi ukiwa mkubwa na mzigo mkubwa, faida ya mapovu inapungua kwa sababu mtiririko wenyewe unafanya kazi, hapo baki na pleti tupu. Na mtu akikutajia kiwango cha juu kabisa cha joto ambacho tabaka lake linahimili kabla ukuta haujafunikwa na mvuke, msikilize tu usikiweke kwenye hesabu: kwa maji kwenye chungu kiwango hicho kiko kwenye kilowati kama 1,000 kwa mita ya mraba, evaporeta yako ya pleti haifiki hata karibu. Muombe badala yake kipimo kwenye mzigo wako, gesi yako, oili yako, pleti nzima, tena kipimo cha siku ya kwanza na kingine baada ya tabaka kutembea miezi kadhaa.

Kwa wanaouliza kama evaporeta iliyopo tayari inaweza kupakwa: ya gasketi ndio, unaifungua, pleti zinaoshwa mpaka mafuta yote yatoke, zinapakwa, zinarudishwa na gasketi mpya. Ya kubrezi hapana, haifunguki, na dawa ya kumimina ndani ili ijenge vitundu yenyewe bila mtu kuona imekaa wapi na imeziba nini mi siwezi kuiruhusu kwenye mtambo wenye presha.